Nani Mwengine Anaiona? Somo la Kununua Saa Janja kwa Pesa ya Boom

Boom likitoka, kila mtu ana lake. Wapo wanaokwenda kulipa madeni ya mgahawani, wapo wanaokimbilia viatu, na mwaka huu naona wengi wetu tumekimbilia saa janja. Panda daladala ya Tunguu asubuhi uone, mikono yote inawaka. Mie nami sikubaki nyuma. Muhula uliopita nilishuka Darajani nikanunua mbili, shilingi 35,000 kila moja baada ya kuvutana na muuzaji. Moja yangu, na moja ya ami yangu wa Kizimkazi Dimbani. Yaliyotokea na hiyo ya pili ndiyo yaliyonifanya niandike somo hili, maana mie nasoma kompyuta na nilifanya kosa ambalo mwanafunzi wa kompyuta hakupaswa kulifanya.

Ami ni nahodha. Asubuhi anawachukua watalii kwenda kuwatazama pomboo, na siku ambazo hakuna wageni anakwenda kuvua kwa mshipi. Daktari alimwambia atembee zaidi, ndipo nikaona saa ya kuhesabu hatua itamfaa. Nikamwekea programu yake kwenye simu, nikabonyeza "Kubali" kila ilipojitokeza, nikamfungia mkononi. Alifurahi. Akawa anaivaa mpaka baharini, na simu kaitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko ili isirowe.

Wiki tatu baadaye nikarudi shamba. Jioni tumekaa barazani, nikaifungua ile programu ili nimwoneshe maajabu. "Ami, hebu tazama, saa imechora safari zako zote." Kwenye ramani palikuwa na mstari mwekundu unaotoka ghuba ya Dimbani, unakwenda, unakwenda, kisha unasimama mahala pamoja kwa muda mrefu, halafu unarudi. Siku ya pili yake vilevile. Wiki iliyofuata vilevile, na mahala ni palepale.

Ami akanyamaza. Akaichukua simu, akaitazama vizuri, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani mwengine anaiona hii?"

Sikuwa na jawabu. Nikaingia kwenye mipangilio kutafuta, nikakuta pameandikwa kwamba safari zake zinaonekana na watumiaji wote. Hakuna aliyechagua hivyo. Ndivyo programu ilivyokuja, na mie ndiye niliyebonyeza "Kubali".

Kwa asiyekulia pwani nieleze. Mvuvi ana mwamba wake. Pengine alioneshwa na babaye, pengine aliupata kwa miaka ya kutega na kukosa. Anaujua kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu ambazo hamwambii mtu, na akiona chombo kingine kinamfuata hupita kando kama kwamba siko anakokwenda. Mwamba ukijulikana, umekwisha. Hili watu wa Kizimkazi wanaliona hata kwa pomboo: nahodha mmoja akiwaona na habari ikapita simuni, haichukui muda boti zimewazunguka kila upande. Habari ya mahala ni mali. Mwenye nayo anakula, akiimwaga wanakula wengine.

Basi tunaposikia watu wakisema, "Kama hufanyi baya, unaficha nini?", tumfikirie ami. Hakuiba, hakumdhulumu mtu, na bado ana kitu cha kuficha ambacho ndicho kinachosomesha wanawe. Faragha si sitara ya wenye makosa tu. Kila mmoja wetu ana mwamba wake: saa anazotoka dakhalia na njia anayopita usiku, maradhi yake, siku zake za mwezi, watu anaowasiliana nao. Na swali la kujiuliza kabla ya kutoa pesa ni lile lile la barazani: nani mwengine anaiona?

Saa moja, bei mbili

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu ukikielewa huwezi kudanganywa kwa urahisi.

Ndani ya saa janja ya bei nafuu mna vihisi vichache. Kimoja kinapima mtikisiko wa mkono, na kutokana na mtikisiko huo programu inakisia hatua na usingizi. Chengine ni kile kitaa cha kijani kilichogusana na ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga damu huongezeka kidogo mshipani, kwa hiyo mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kupungua huko ikapata mapigo. Saa nyingi za bei ya chini hazina GPS yao wenyewe. Zinaazima ya simu. Ndivyo ilivyokuwa kwa ami. Kilichomchora baharini si saa, ni simu iliyokuwamo koponi.

Taarifa hizo husafiri vituo viwili. Kwanza zinatoka kwenye saa kwenda kwenye simu kwa Bluetooth. Safari hii ni ya mita chache na haihitaji hata chembe ya bando. Kisha zinatoka kwenye simu kwenda kwenye seva ya kampuni, ambayo hujui iko nchi gani. Kituo hiki cha pili ndicho cha kukiangalia. Kuhesabu hatua hakuhitaji seva. Kuonesha mapigo ya moyo hakuhitaji seva. Anayehitaji seva mara nyingi ni kampuni, si wewe.

Kwa hiyo saa ina bei mbili. Ya kwanza unamlipa muuzaji wa Darajani mara moja ikaisha. Ya pili unailipa kila siku kwa habari zako, kupitia ile programu. Kutoka hapo napata kanuni moja ambayo ndiyo somo lote: chagua programu kwanza, saa baadaye. Tukifika dukani sote tunatazama kioo, mkanda na rangi. Programu tunaijulia nyumbani, pesa imeshaondoka.

Matatu yaliyokwisha tokea

Usidhani haya ni hofu ya watu wa kompyuta tu. Nitachukua mambo matatu ambayo saa zetu zinatufanyia kila siku, yaani kutembea, kusali na kuhesabu mwezi, na nioneshe kilichowahi kutokea kwa kila moja.

La kutembea. Novemba 2017 kampuni ya Strava, inayorekodi mazoezi ya watu kwa simu na saa, ilichapisha ramani ya dunia nzima inayoonesha wapi wateja wake wanakimbia na kutembea. Haikuandika jina la mtu. Ilikuwa mistari ya mwanga tu. Januari 2018 mwanafunzi wa chuo wa Australia, Nathan Ruser, kijana wa miaka 20, akaitazama akagundua kwamba katika majangwa ya Syria na Afghanistan, ambako wenyeji wengi hawatumii Strava, kuna vijimstari vinavyozunguka kama uzio. Walikuwa wanajeshi wa kigeni wanafanya mazoezi ndani ya kambi zao. Jeshi lenye fedha na walinzi wote wale lilivuliwa na saa za mkononi, na aliyeliona ni mwanafunzi kama mimi na wewe. Angalia pia kwamba hapakuwa na jina hata moja. Mahala penyewe palitosha.

La kusali. Saa nyingi tunazouziwa zinatangazwa kuwa zina nyakati za sala na kibla, na kwetu hilo linauza kuliko kitu chochote. Ili kujua adhuhuri inaingia lini, programu inahitaji kujua uko wapi. Novemba 2020 Motherboard, chombo cha habari cha Marekani, kiliripoti kwamba programu maarufu ya Muslim Pro, iliyopakuliwa mara zaidi ya milioni 90, ilikuwa inapeleka habari za mahala walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, ambayo nayo ilikuwa ikiwauzia makandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilikanusha kwamba iliwauzia jeshi moja kwa moja, lakini ilitangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaipiga marufuku X-Mode na mrithi wake Outlogic kuuza habari za watu kufika sehemu nyeti, zikiwemo nyumba za ibada. Na hebu fikiri: Unguja nzima inaswali kwa nyakati karibu zilezile, tofauti ni ndogo sana. Programu ikijua uko Zanzibar, inatosha. Haina haja ya kujua uko msikiti gani.

La mwezi. Hapa naongea na dada zangu, na kaka wasikilize pia kwa sababu wana dada. Saa nyingi zina sehemu ya kuhesabu siku zetu. Ni msaada mkubwa, sikatai. Lakini Januari 2021 Tume hiyohiyo ya Marekani ilifikia makubaliano na Flo, programu ya kuhesabu hedhi yenye watumiaji zaidi ya milioni 100, baada ya kuituhumu kwamba ilipeleka habari za afya za wanawake kwa kampuni nyengine, Facebook na Google zikiwemo, ilhali iliwaahidi kuwa ni siri. Jambo ambalo hata mama yako humwambii kwa sauti, lilikwenda kwa watu wa matangazo. Daftari dogo chini ya godoro bado linafanya kazi hiyo vizuri, na halina seva.

Dukani: maswali manne

Sasa tuje Darajani, au Kariakoo kwa wanaovuka bahari. Muuzaji atakwambia, "Dada, hii ina kila kitu, presha, sukari, usingizi, mpaka stresi." Usibishane naye. Muulize hivi.

Kwanza, "Inatumia programu gani?" Kwenye boksi pana mraba wa kupiga picha kwa simu. Upige hapohapo dukani, kabla hujalipa. Ukikupeleka kwenye duka rasmi la programu la simu yako, soma sehemu ya usalama wa data: inakusanya nini, inampa nani, na je, unaweza kuomba ifutwe. Maelezo hayo yanaandikwa na kampuni yenyewe, kwa hiyo si ushahidi kamili, lakini kampuni inayokiri yenyewe kwamba inachukua majina ya marafiki zako imeshakujibu. Ule mraba ukikutaka upakue faili kutoka tovuti usiyoijua, rudisha boksi, sema ahsante, ondoka.

Pili, "Inafanya kazi bila akaunti?" Programu ambayo haikupi hata kuona saa ngapi mpaka utoe barua pepe, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa, imeshaonesha inataka nini.

Tatu, "Inafanya kazi bila bando?" Hili ndilo jaribio ninalolipenda, na halina gharama. Iunganishe saa na simu, zima data na Wi-Fi, acha Bluetooth peke yake. Tembea dukani hatua ishirini, kisha fungua programu. Zile hatua zikija simuni, umejua kwamba seva si lazima. Zisipokuja, saa hiyo si yako. Ni ya kampuni, wewe umeazimwa uivae.

Nne, "Presha na sukari inapimaje?" Muuzaji hatajua, lakini jibu lako wewe ulijue. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, na ikasema haijaidhinisha hata moja ya aina hiyo. Kwa hiyo saa ya 35,000 inayokupa namba ya sukari inakubunia. Hasara yake ni mara mbili: mgonjwa anaweza kuiamini akaacha dawa, na ile namba ya uongo inakwenda kuwekwa kwenye seva kwa jina lake kama kwamba ni habari yake ya afya.

Saa zenyewe, kwa mfuko wako

Kama mfuko ni mwembamba kabisa, nenda na saa ya kawaida. Casio F-91W ipo tangu 1989, betri yake inakadiriwa kudumu miaka saba, na haimwambii mtu chochote. Usione haya. Nusu ya wanaovaa saa janja darasani wanatazama saa tu.

Ukitaka kuhesabu hatua kwa pesa hiyohiyo ya Darajani, kuna ujanja. Saa nyingi za bei nafuu zikishaunganishwa na simu mara moja na kupata majira, zinaendelea kuhesabu hatua na kuzionesha kwenye kioo chao bila simu. Iunganishe, ipate saa, kisha ifute programu. Kasoro yake ni kwamba betri ikiisha kabisa baadhi yake husahau majira, ikabidi urudie. Kwa hiyo ichaji kabla haijazima.

Ukitaka zaidi ya hapo, na simu yako ni Android, jifunze jina hili: Gadgetbridge. Ni programu huria, ya bure, inapatikana kwenye F-Droid, na imetengenezwa na watu wanaojitolea ili ichukue nafasi ya programu ya kampuni. Haitaki akaunti na haiombi ruhusa ya intaneti. Hatua, usingizi na mapigo vinabaki simuni mwako. Inakubali saa nyingi zinazopatikana kwetu, zikiwemo aina kadhaa za Xiaomi, Amazfit, Huawei na Casio. Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua orodha yake, tafuta jina la saa unayoitaka, namba kwa namba. Tahadhari mbili. Baadhi ya Xiaomi na Amazfit zinahitaji ufunguo maalumu ambao unapatikana kwa kufungua akaunti ya kampuni kwanza, kisha ndio unahama. Na baadhi ya mambo, kama kubadilisha sura za saa, huenda usiyapate yote.

Hapa ndipo saa iliyotumika inapokuwa na faida. Saa ya mwaka juzi inauzwa rahisi, na mara nyingi imekaa kwenye orodha muda mrefu kuliko mpya. Ila mwambie anayekuuzia aiondoe kwenye akaunti yake na kuifuta mbele yako. Asipofanya hivyo, huenda ikakataa kuungana na simu yako, na habari zake yeye utakuwa nazo wewe.

Kwa tunaopenda kufungua vitu, zipo saa ambazo ndani na nje ni huria. PineTime ya Pine64 inauzwa karibu dola 27, kabla ya usafirishaji na ushuru. Haina GPS, inahesabu hatua na mapigo, na programu yake, InfiniTime, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Bangle.js 2 bei yake ni zaidi ya mara mbili ya hiyo, lakini ina GPS na unaiandikia programu kwa JavaScript. Agizeni wanne watano pamoja mpunguze gharama ya mzigo. Na kwa mwanafunzi wa kompyuta kuna raha ya peke yake: saa hizi unaweza kuziambia zisome Kiswahili. Toa saa sita, na 7:00 ya asubuhi inakuwa saa moja, kama anavyoisoma bibi yako. Kampuni nyingi hazijakaa zikatufikiria hilo, lakini msimbo ukiwa wazi hatuna haja ya kuomba.

Kuna faida nyengine ya saa isiyotegemea seva, na hii ni ya mfuko. Pebble ilikuwa saa janja iliyopendwa sana, ilianza mwaka 2012 kwa michango ya wateja iliyozidi dola milioni 10. Desemba 2016 kampuni ikafa, mali zake zikanunuliwa na Fitbit, na mwaka 2018 seva zake zikazimwa. Zilizoendelea kufanya kazi vizuri ziliokolewa na watu wa kujitolea. Fitbit yenyewe nayo ikanunuliwa na Google kwa dola bilioni 2.1, biashara iliyokamilika Januari 2021. Tume ya Ulaya iliikubali kwa sharti kwamba kwa miaka 10 data za afya za watumiaji wa Ulaya zisitumike kwa matangazo ya Google. Sharti lile liliwahusu watu wa Ulaya. Unguja haimo. Jifunze hapo: uliyempa habari zako leo si lazima awe ndiye anayezishika kesho.

Ukishanunua

Hata ukibaki na programu ya kampuni, bado una la kufanya. Nayapanga kwa uzito.

Arifa. Saa ikikuonesha meseji mkononi, maana yake programu yake imepewa ruhusa ya kusoma arifa zote za simu. Zote ni zote: za mchumba, za benki, za pesa za simu, na zile namba za siri za mara moja. Ukiweza, usiipe kabisa ruhusa hii. Ukishindwa, chagua simu zinazopigwa peke yake.

Mahala. Hapa tusiwe waonezi. Kwenye Android za zamani, toleo la 6 mpaka la 11, programu ilikuwa haiwezi kutafuta saa kwa Bluetooth bila kuomba ruhusa ya mahala, hata kama haina nia mbaya. Tangu Android 12 kuna ruhusa yake mbali, ya vifaa vya karibu. Kwa hiyo kama simu yako ni mpya na programu bado inang'ang'ania mahala, iulize kwa nini. Mpe "wakati wa kutumia tu", na kama hurekodi safari, mnyime.

Majina na picha. Saa haina shughuli na majina yaliyomo simuni mwako wala picha zako. Kataa.

Mwonekano. Tafuta palipoandikwa jamii, marafiki au safari, na uhakikishe pamewekwa "mimi peke yangu". Hapa ndipo nilipomponza ami.

Kuacha. Siku ukichoka na saa, usifute programu tu. Kufuta programu ni kufunga mlango wa kwako na kuuacha wa kwao wazi. Futa akaunti kwanza, ndani ya programu, halafu ndio ufute programu.

Wenye iPhone, Gadgetbridge haiko kwenu. Ninyi kazi yenu ni ruhusa moja moja kwenye mipangilio, na kanuni ya saa isiyotaka akaunti.

Na sheria je?

Ipo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inayo haki hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa Aprili 3, 2024 na Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye mwenyewe kwao ni Kizimkazi. Misingi yake ni ile ile ya barazani kwa ami: uambiwe kinachochukuliwa na kwa sababu gani, kisichukuliwe zaidi ya kinachohitajika, na uwe na haki ya kuuliza na kusahihisha. Wanafunzi wa sheria watatueleza zaidi, na naomba mmoja wao aandike toleo lijalo. Lakini tuseme ukweli. Kampuni isiyo na ofisi hapa wala jina linaloeleweka kwenye boksi, kuifuata ni safari ndefu. Sheria ni nanga nzuri, ila kwanza usipande chombo kinachovuja.

Zoezi

Kabla hujalala leo, fanya mambo matatu. Fungua programu ya saa yako, hesabu ruhusa ulizoipa, na kila moja uiulize inasaidia nini kuhesabu hatua. Zima data, tembea, uone kama hatua zinakuja. Kisha tafuta mahala panapoonesha nani anaona safari zako. Ukimaliza ya kwako, chukua simu ya mzazi au mdogo wako uliyemwekea wewe. Hiyo ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu wao hawakubonyeza "Kubali". Tuliwabonyezea sisi.

Mie jioni ile nilizifuta safari za ami zote, nikafuta akaunti, nikafuta programu. Kama kuna mtu alishaziona kabla yangu, siwezi kujua, na hilo ndilo linaloniuma. Ami hakunigombeza. Saa bado anaivaa. Inamwambia majira na hatua, basi. Lakini nilipompelekea simu mpya juzi, aliigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akaniuliza swali lake. Safari hii nilikuwa nimeshalitafutia jawabu kabla sijatoka Tunguu.